Kumbukumbu za Kikao cha Februari

Nje ni nyuzijoto ishirini na saba chini ya sifuri.
Tumekaa chumba cha juu, ukumbi wa mchezo wa barafu,
kahawa ni ya bure, labda ndiyo maana tumejaa.
Kazi yangu kuandika. Kura sina.

Ajenda ya nne: mtaa mpya, shamba la zamani la akina Dueck,
nyumba mia moja na arobaini palipokuwa na kanola.
Mpimaji aliyetoka mjini anatandaza ramani.
Barabara zimejikunja kama utumbo wa kondoo,
kila tawi linaishia kwenye duara lililofungwa,
na kila duara limepewa jina la ndege
ambaye mashine zikianza kuchimba atahama.

"Barabara isiyopenya," anasema, "huleta utulivu.
Watoto watacheza. Bei za nyumba hazitashuka."
Naandika: utulivu. Naandika: bei.

Anainuka Orest Wolchuk, dereva wa katapila la theluji,
mwaka wa ishirini na mbili huu, kofia mkononi.
"Nikishaisukuma theluji hadi mwisho wa duara lako,
niimwage wapi? Mlangoni kwa nani?"
Ukumbi unaangua kicheko. Mpimaji anafunua kurasa, anafunua.
Naandika: Bw. Wolchuk aliuliza kuhusu theluji.
Kicheko hakina nafasi yake kwenye fomu.

Bibi Agatha Friesen hataki mtaa wake utobolewe.
"Sipingi nyumba. Napinga magari.
Mume wangu hasikii. Jioni hutembea katikati ya barabara
kwa sababu pembeni kuna barafu,
ana fimbo yenye meno matatu ya chuma, basi.
Nyinyi mtampigia honi. Honi atasikia nani?"
Hapo hakuna aliyecheka, hata mimi kalamu ilisita.

Ndipo Marivic Tolentino, bado na sare ya kazi,
anayelala mchana na kuwageuza wazee vitandani usiku:
"Mimi nalikata shamba hilo saa kumi na mbili alfajiri.
Dakika kumi na mbili. Kwa ramani yenu, thelathini na moja.
Nimehesabu. Njooni dirishani."

Tukaenda, wajumbe saba na kahawa zao.
Kioo kilijaa pumzi zetu, tukakifuta kwa mikono ya makoti,
na chini, kwenye mwanga wa taa za maegesho,
mstari mmoja wa mshazari juu ya weupe wote ule,
kutoka maghorofa ya kando ya reli hadi makao ya wazee,
umenyooka kuliko wino wowote uliokuwa mezani.
"Huo nani kauchora?" mtu akauliza, nadhani kwa mzaha.

Kura: nne kwa tatu. Mikunjo ibaki.
Iongezwe njia ya miguu, upana mita mbili na nusu,
kati ya kiwanja sitini na moja na sitini na mbili,
*kama bajeti itaruhusu.*
Niliiandika hiyo kama, herufi nne tu,
nikaitazama kwa muda.
Mwanamke mzima anaweza kusimama nje ya neno hilo
majira yote ya baridi, vidole vikifa ganzi.

Kikao kilifungwa saa nne kasorobo.
Gari langu lilikataa kuwaka, nikaliacha lipate moto wa waya,
nikashuka shambani. Sijui nilitaka nini.
Viatu vya Marivic vilikuwepo, vidogo, haraka haraka.
Vya watoto pia. Vya mbwa, aliyezunguka kila kitu mara mbili.
Na kando yao, polepole, hatua za mtu mzito,
na kila baada ya hatua, kitundu.
Nikainama na tochi ya simu:
meno matatu.

Nilibaki pale, karatasi kifuani chini ya koti.
Kikao kilikuwa kimeshafungwa.
Muhuri nilikuwa nimeshaugonga.