Nyongeza

Bahasha haikuwa yangu.
Likwata wa gari la mzigo alizichanganya,
akaniachia ya makao makuu, Dar es Salaam,
akaondoka na yangu kuelekea Masasi.
Nikaifungua kwa kisu cha vitunguu.

Ndoo za mafuta, thelathini na sita, tawi la Mtwara.
Ndilo langu hilo.
Tisini na mbili elfu kila ndoo:
hiyo naijua, nailipa mimi, kabla ya tarehe tano.
Chini yake, kwa wino uliofifia:
marejesho kwa mwenye jina,
elfu tano na mia tano kila ndoo.

Mwenye jina si mimi.
Mimi nimekodi jina, na jogoo mwekundu wa ubaoni,
na aproni, na namna ya kusema karibu.
Sokoni ndoo hiyohiyo ni themanini na moja,
lakini nimefungwa: nisinunue
ila kwa aliyeidhinishwa.

Nikazidisha nyuma ya karatasi.
Nikazidisha tena, maana hesabu ya usiku ina usingizi.
Laki moja, tisini na nane elfu. Kwa mwezi.
Mshahara wa Asumini anayeosha vyombo,
na nauli yake juu.

Baba alipima korosho Nanyamba.
Neno makato nililijua kabla ya neno mshahara:
makato ya gunia, ya ghala, ya chama,
na ya kitu kilichoandikwa mengineyo.
Alisoma stakabadhi kwa kidole, mstari kwa mstari.
Kikifika kwenye mengineyo
kidole kinasimama.

Nikapiga simu.
Bwana Mushumbusi ni mpole, ana sauti ya kiyoyozi.
Si siri, Dada Somoe. Soma kifungu cha kumi na nne.
Nikasoma. Kipo.
Herufi kama sisimizi waliofia njiani kwa mstari,
na saini yangu chini yao, imenyooka,
kwa kalamu waliyonipa wao.
Halafu fedha hizo, akasema,
zinawarudia kwa matangazo.

Bango la karibu nililowahi kuliona liko Mbagala.
Huku tangazo letu ni harufu:
inatoka dirishani
inawafuata wanachuo mpaka barabarani.

Saa kumi na mbili asubuhi Chande akarudi na kapu la nyanya.
Akalitua. Akavua kofia.
Ndani nyanya nne, na pilipili mbili zilizojikunja.
Za nyongeza hizi, bosi.
Kila siku ananionyesha, kila siku nasema chukua.
Miaka sita.
Sijawahi kujiuliza ni za nani:
za pesa yangu, za miguu yake,
au za Binti Nang'uto wa genge la tatu
anayependa kuchekeshwa asubuhi.

Leo nilizitazama mno, mpaka akaingiwa na hofu.
Nizirudishe?
Chukua, nikasema. Chukua, baba.

Kisha nikakaa kwenye kreti la soda, nikaandika barua.
Sikuandika wezi;
neno hilo kifungu cha kumi na nne kimeshalifuta.
Sikudai kitu.
Hapana, nilidai nusu,
nikaikata, nikaiandika tena pembeni.
Nikauliza: kwa ndoo ni elfu tano na mia tano,
je, kwa kuku? Kwa mifuko yenye jogoo?
Kwa tomato, kwa vijiti vya meno?
Mushumbusi ataisoma kwa upole,
ataiweka mahali penye barua nyingine.

Mstari wa mwisho uliniganda mkononi,
kisha ukaja wenyewe:
nanyi mkitoka sokoni,
vueni kofia.

Chande akawasha jiko.
Akafungua ndoo ya kumi na tisa ya mwezi huu,
akamimina taratibu,
akaiinamisha mpaka tone la mwisho.