Chekeamwezi

Miaka tisa nilipakia mchanga, ukingo huu huu wa Mpiji,
koleo kwa koleo, tipa kwa tipa,
na sikuwahi kumwona ndege.
Kumsikia, ndiyo. Usiku, tumelala juu ya viroba
tukisubiri foleni ya Bunju ilegee,
kicheko chembamba kikipanda, kikipanda,
kisha kukatika.
Chande akasema ni yule mwanamke aliyezama masika.
Tukavuta shuka. Tukalala.

Sasa nalipwa nusu ya pesa ile
kurudisha nilichokiondoa.
Wenzangu huiita kazi. Mke wangu huiita adhabu,
yeye ndiye anayeandikiwa deni la unga dukani,
na zipo siku nakubaliana naye.

Msimamizi wetu ni Sikudhani. Ana buti za mgambo,
daftari lililoroa mara tatu, sauti isiyopanda.
Siku ya kwanza alitusimamisha juani:
"Chekeamwezi ametaga hapa. Msitafute kiota.
Hajengi. Anailalia ardhi kama alivyoikuta,
anaiamini."
Nikatazama. Mchanga. Kinyesi cha mbuzi. Mchanga.
Akanishika kiwiko, akanirudisha hatua moja:
mayai mawili, rangi ya changarawe,
shubiri moja na soli yangu.

Nikajikuta nahesabu, bila kutaka:
tipa moja koleo mia ngapi,
na katika koleo mia ngapi
ni lipi lililokuwa jepesi kidogo,
likavunjika kitu ndani yake
nisisikie, kwa mngurumo wa injini.

Basi tunapanda. Mlakasa kwanza,
maana mlakasa huung'ang'ania mchanga
kama mtoto pindo la mama yake Kariakoo.
Kisha ukoka, ndago, na ukindu huku juu,
si kwa mstari. Sikudhani hataki mstari,
anasema huyu ndege si mkazi wa kota.
Na pengine hatupandi kitu. Hapo ndipo pagumu:
kuacha kipande kitupu, kipara, kimekaa tu,
na kila apitaye anauliza
mbona hapa hamjamaliza.

Kunguru wapo kwenye nyaya. Wanatujua kwa sura.
Wana subira kuwashinda wafadhili.
Mwezi wa nne mto ulikuja na friji, na magodoro,
ukazoa ukoka wote wa upande wa Bagamoyo;
mwezi wa tano akaja mtu mwenye miwani na bikoni nne za zege,
akataka tumwoneshe kiwanja chake kinaanzia wapi.
Sikudhani akamwonesha mto.

Tukapanda tena.

Jana zamu ya usiku ilikuwa yangu.
Tochi nimeizima, betri ni za kununua.
Mwezi ulichomoza nyuma ya mikoko, mwekundu, haujakamilika,
na kwenye kile kipande tulichokiacha kitupu
kikaanza: chembamba, kikipanda, kikipanda,
mwingine akakidaka ng'ambo.

Nikampigia Chande, siku hizi anaendesha bajaji Goba.
Sikusema neno. Niliinua simu juu.
Akakaa kimya, hata nikadhani salio limekwisha.
"Yule mwanamke," akasema, "bado tu hajatoka majini?"

Katoka, nikamwambia. Ana mayai mawili.
Ongea polepole.