Mkasi wa Shoto

Gerezani, saa tatu asubuhi, jua limeshaota meno.
Nimeshika mkasi wa kumi na moja, naurudisha.
"Mama, unanunua mkasi au unaposa?"
anauliza Anzuruni, muuza vyuma,
kikombe cha kahawa kimemgandia mkononi.
"Naposa. Lete mwingine."

Wa kwanza ulikuwa mzuri wa macho,
mpini wa kijani, umevikwa nailoni kama bi harusi.
Nikaubana mara tatu, springi ikaruka,
ikaenda kulala chini ya toroli la misumari.
Wa tano mzito, wa kukatia mbavu za mbuzi.
Wa nane una ulimi mmoja na kibao cha chuma:
huo haukati, unaponda. Wa vijiti vikavu.
Tawi bichi linataka ndimi mbili zinazopishana
karibu karibu, kama mawifi kwenye korido,
bila kugongana, bila kuachiana nafasi.
Nikauinua wa tisa juani, nikaufumba.
Mwanga ukapita katikati.
Huu utatafuna, nikasema.

Lakini shida yangu si hiyo, na Anzuruni hajui.
Mimi shoto.
Makomeo yote hukaa upande wa dole gumba la watu wengine.
Nikishika mimi, ulimi wenye makali unanificha jicho la tawi,
nakata kwa kubahatisha, kama anayenyoa gizani.
Miaka kumi na sita kwenye bustani za watu, Mikocheni, Masaki,
na sugu yangu imeota pasipo pake.

Bibi yangu wa Kisarawe aliufunga mkono huu kwa upindo wa kanga,
nisile nao, nisipokee nao, nisimpungie mgeni.
Mwalimu Mbonde akaupiga rula ya mninga.
Mkono ukanyamaza.
Haukuhama.

Chini ya meza, kwenye beseni la mitumba,
kati ya koleo, bawaba, bisibisi zisizo na vichwa,
vidole vikagusa kitu kilichopinda vizuri.
Kutu tupu. Mpini mwekundu umechujuka hadi rangi ya ufizi.
Nikaushika kwa mkono ule.
Komeo likaja lenyewe kwenye dole gumba.

Sikusema neno.
Mahali fulani, nchi ya baridi nisiyoijua,
mtu alikuwa shoto kama mimi,
na amekufa, au amehama, au amechoka na maua.
Mpini umelika pale pale ninapobana.

"Huo? Elfu mbili mia tano. Huo umekwisha, mama."
Nikatoa elfu tatu, sikungoja chenji,
asije akautazama mara ya pili.

Usiku, kibarazani Mbagala:
siki kopo zima, mswaki wa zamani,
tupa nyembamba, upande wa mshazari tu
(ule bapa usiuguse, ukiugusa umeuua),
tone la mafuta ya cherehani.
Nikaujaribu kwenye kalenda ya mwaka jana.
Ukapita mwezi Juni bila kelele.

Leo Kulwa, kijana ninayemfundisha, amesimama nyuma yangu.
Vaa glavu, bogainvilia ina kucha.
Tafuta jicho linalotazama nje,
si lile linalochungulia ndani ya nyumba za watu.
Kata juu yake kidogo, kwa mshazari,
maji ya masika yateleze, yasilale.
Tawi likizidi dole gumba, kalete msumeno,
mkasi haugombani.
Ukitoka kwenye mlimao mgonjwa, futa kwa spiriti
kabla hujaugusa mzima.
Na jirani akija kuazima, sema haupo.
Atakwenda kukatia waya wa banda la kuku.

"Nipe nijaribu, mama."
Nikampa.
Akabana. Tawi likachanika kama gunia.
Akaugeuza, akaugeuza tena,
akautazama kama umemtukana.
"Mbona umekaa kinyume?"

Nilicheka mpaka mlinzi akafungua geti kuona kuna nini.
"Kinyume cha nani?"
Nikauchukua kwa mkono uliowahi kufungwa kanga,
nikalisawazisha lile chaniko,
polepole,
juu kidogo ya jicho.