Bomba la Uani

Viatu niliviacha mlangoni, vimesimama.
Nyanje bawabu akaniambia: vigeuze,
kuna paka hapa ana macho na buti za watu.
Nikacheka. Sikuvigeuza.

Niliitwa kwa ajili ya bomba la uani,
lavuja tangu Mfungo Tano.
Mimi na mkoba wangu, spana, katani, tepu nyeupe,
nikapita miguu mitupu juu ya marumaru baridi
kama mtu aliyeingia nyumba ya mkwewe.

Ukutani simba wamepakwa manjano mapya,
wana masharubu ya karani wa forodha.
Tausi mmoja mkia umebanduka.
Na miguuni pa yule mwenye mkonga
panya wa shaba ameshika ladu kwa mikono miwili.
Kwangu mimi panya huwekewa mtego.
Hapa amevishwa asumini.

Ng'ombe wa jiwe jeusi amelala njiani,
binti mwenye sare ya shule amemwinamia sikioni,
kwa kiganja ameliziba lile la pili
ili maneno yasipite yakamwagikia nje.
Mimi fundi, nikaelewa mara moja.
Sikutaka kusikiliza. Nilisikia tu: "hesabu."
Juu ya mgongo wa ng'ombe, paka mwenye mimba
hakufungua hata jicho.

Uani, kunguru.
Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake;
huyu hakuwepo waliposema.
Alitua mkobani, akachagua,
akaondoka na washa ya nusu inchi
hadi kileleni, kwenye mti wa bendera,
akaionja, akaona si tamu,
akaiangusha mtaani juu ya bati la muuza kachiri.
Matusi yaliyopanda hayakuwa ya mahali patakatifu.

Nililikaza bomba kwa robo saa
hadi likakauka kama koo la mfungaji saa kumi.
Nikajisifu kimoyomoyo.

Kisha njiwa wakashuka, wakaizunguka sufuria
iliyokuwa chini ya bomba, nami sikuuliza ya nini.
Mbuzi mmoja, kamba shingoni, mwenyewe hajulikani,
akaingiza pua, akaitoa, akanitazama.

Kusumben akatoka na ungo wa mtama,
pindo la sari limeloa,
mzaliwa wa Makadara, Kimvita chake chanishinda mimi.
"Umelifunga lote?"
"Lote, mama."
"Ala! Na nyuni watakunwa wapi?
Legeza, mwanangu. Tone moja moja latosha."

Miaka ishirini na minane nalipwa kuziba.
Nikachukua spana, nikairudisha nyuma robo,
nikahesabu: tone, pumzi mbili, tone.
"Haraka kidogo," akasema. "Mbuzi hana subira."
Nikalegeza tena, upana wa unywele.

Alinilipa kamili. Sikumwandikia risiti;
ningeandika nimefanya nini?

Mlangoni, buti la kushoto lilikuwa na mkia.
Ndani, vitu vidogo vinne, vimeloa, havina macho bado.
Nyanje akaangalia angani.

Nikatembea hadi Mwembe Tayari na buti moja mkononi,
lami ya saa saba ikinichoma nyayo,
nikitafuta la kumwambia mke wangu.