Vibaba Viwili vya Chumvi

Nilitumwa na kopo la rangi nyekundu
na fomu yenye safu sita.
Barabara ya Yala itapanuliwa, wakasema,
nenda kapige alama ya kuvunja
kwenye lile gofu karibu na stesheni.

Gofu? Nililikuta limepakwa kijani cha kampuni ya simu,
kama mzee aliyevalishwa fulana ya kampeni.
Nikakwaruza kwa ukucha:
chini ya kijani, buluu ya sabuni ya kipande,
chini ya buluu, wekundu wa soda,
chini ya wekundu, chokaa,
chokaa nyeupe ya mtu aliyejenga
akidhani garimoshi litapita daima.

Juu kabisa, kwenye paji la ukuta,
maua mawili ya saruji na mwaka: 1931.
Tatu imemeguka.
J. RUPAREL imebaki J, R, P, na mkia wa L.
Hapa hakuna aliyewahi kumwita Ruparel.
Alikuwa Jethalal, kisha Jetha, kisha Ojetha,
na mtu akishapachikwa O mbele ya jina
amekwisha fika kwao.

Nikapima. Ndiyo kazi yangu.
Upana wa baraza: hatua nne.
Nguzo: sita za chuma, moja imepinda
tangu lori la pamba lilipoisalimu.
Mabati ya kale, mazito, yanayonguruma mvua ikija,
si haya ya leo yanayolia kama kopo.
Mlango wa mbao nane, kila ubao na namba yake
iliyochongwa kwa patasi, ili alfajiri
mtoto wa duka asikosee mpangilio.
Na kwenye sakafu ya baraza, kishimo laini kama kiganja:
hapo Nashon Opondo aliweka kisigino
akikanyaga cherehani miaka thelathini na minane.
Sare za shule za tarafa nzima zilipita juu ya mguu ule.
Fomu haina safu ya kisigino.

Turfena Awuor, anayeuza omena pale barazani,
alinitazama nikikoroga rangi.
"Kabla hujachafua, ingia ndani."

Ndani, harufu ya magunia yaliyoondoka zamani.
Nyuma ya mlango akamulika kwa simu.
Ukuta mzima, kwa penseli:
vistari, vistari, tarakimu za Kigujarati
zilizojikunja kama kunde zinazoota,
na pembeni, kwa mkono wa mtu anayejifunza, majina:
Akoth mke wa fundi. Were wa reli. Mwalimu Osundwa.
Mengine yamekatwa. Mengine bado.
"Huyu," akasema, kidole bila kugusa chokaa,
"ni nyanya yangu. Vibaba viwili vya chumvi.
Mwaka ule wa nzige. Hakukatwa."

Nikauliza kama familia iliona aibu.
Akacheka, akashika mlango.
"Aibu ya nini? Hakujua kuandika,
hakuwa hata na kuku wa kuweka rehani,
na mtu akampa, akaandika ukutani, akaenda kulala.
Mkibomoa, nani atajua kwamba sisi
tuliwahi kuaminiwa?"

Nilijaribu maneno ya ofisi: urithi, usanifu, sheria.
Yalitoka makavu.
Na sababu za kuvunja zipo, sitaficha:
mchwa wamekula boriti ya kati,
wanawake huvuka ile barabara nyembamba
na watoto mgongoni, malori yakiwapulizia sketi,
na wajukuu wa Jethalal wako Leicester, hawajibu barua.

Nikafika safu ya sita: THAMANI.
Nikaandika: chumvi, vibaba viwili. Haijalipwa.
Nikafunika kopo. Kesho watatuma mwingine,
labda asiye na muda wa kuingia ndani.

Nikataka omena ya hamsini. Nilikuwa na noti ya elfu tu.
"Chukua," akasema, akikunja gazeti. "Utaleta."
Nikamwona akipapasa nywele zake,
anatafuta penseli.