Kijivu cha Shangazi Aikande

Nakala ya kwanza ilitoka na ukijani,
ukijani wa maji ya mfereji
unaopita nyuma ya nyumba yetu huku Rau.
Shangazi Aikande, mwaka sabini na nne,
amesimama mlangoni mwa kiwanda cha kukobolea kahawa,
na shavu lake lina kuvu.

Nikaipeleka dirishani: imegeuka.
Chini ya taa ya tyubu alikuwa kijani,
kwenye jua la saa nne ana wekundu wa damu ya mzee.
Karatasi moja, nyuso mbili,
kama jirani anayekusalimu kwa kutazama uliyeongozana naye.

Printa haijui kijivu.
Inao weusi mmoja tu, kijivu inakikopa:
tone la samawati, tone la waridi, tone la manjano,
wachangiaji watatu wa harusi moja
na kila mmoja anataka jina lake litajwe ukumbini.

Nikapunguza waridi, kijani kikarudi.
Nikapunguza kijani, akawa buluu kama aliyezama.
Nikachapa vipande vyembamba, upana wa vidole viwili,
nikavianika kwenye kamba ya jikoni kwa vibanio vya nguo,
nyuma nimeviandika kwa penseli: tatu A, tatu B,
hiki cha usiku, hiki kingoje asubuhi,
maana wino mbichi ni mwongo;
kilichokuwa sawa saa mbili usiku
kukicha kimeshachagua upande.

Nikachota jivu mafigani, jivu la mgrivelia,
nikaliweka kando ya picha liwe shahidi.
Nalo, ukilikazia macho, lina ukahawia.
Kumbe hata neno lenyewe
limekuwa likitupunja siku zote.

Mwishowe nikawafukuza wageni wote.
Nyeusi peke yake. Karatasi isiyong'aa. Mwendo wa chini kabisa.
Printa ikakohoa, ikaenda, ikarudi,
kama mtu anayefagia uani bila haraka.
Mashavuni nukta unaziona ukisogeza pua,
lakini rudi hatua mbili:
ukuta ni ukuta, gunia ni gunia,
na kivuli chini ya kidevu hakina kabila.

Nikampelekea mwenyewe, Kibosho, ndani ya bahasha ya kaki.
Ana jicho moja jipya, wamemtoa mtoto wa jicho juzi tu.
Akaishika juani, akaingia nayo ndani kwenye giza la sebule,
akatoka tena. Mimi nimebana pumzi.
Haikugeuka.

"Umenipata," akasema.
Kisha kidole kikatua juu ya gauni,
palepale nilipokesha wiki nzima
weupe wake usishike doa:
"Ila hili lilikuwa la manjano.
Manjano ya kupiga kelele! Baba yako alinicheka njia nzima."

Nyumbani nimekuta taa nyekundu inapepesa:
wino mweusi umekwisha.
Wa manjano bado,
haujashuka hata robo.