Jiwe Zima Huitika

Masanyiwa, mlinzi, alitufungulia wigo wa miiba
ambao mbuzi walikwisha kuufungua kabla yake.
"Duara ndilo hilo," akasema, "msikanyage juu,"
akairudia redio yake kivulini mwa jabali.

Nilikuja na futikamba, daftari na kalamu mbili.
Mama alikuja na magoti mabovu
na jicho moja zima.
Miaka ishirini na tisa alipasua kokoto Bugarika,
mpira wa tairi ameufunga vidoleni,
ndoo kwa ndoo, tripu kwa tripu,
hadi ada yangu ikatimia
na kibanzi kikamwingia jicho la kulia, kikaacha ukungu.
Sikumwalika. Alisikia neno "mawe", akavaa viatu.

Nikapima: hatua kumi na nane, ukingo hadi ukingo.
Katikati, kifusi kilichobonyea kama kitanda cha mgonjwa.
Magharibi, chini kabisa, ghuba ya ziwa:
bati lililosahauliwa juani.
Nikaandika, Wafu? Ng'ombe? Mvua?
na kila alama ya kuuliza nikaipigia mstari.

Mama hakuuliza. Alipita akigonga
kwa kifundo cha kidole, jiwe baada ya jiwe,
kichwa kaliinamisha
kama mtu anayebisha mlango wa mdaiwa wake.
"Jiwe zima huitika," akasema. "Lenye ufa hukohoa."
Hili zima. Hili zima. Hili lilichomwa moto kwanza,
likamwagiwa maji, ona lilivyobanduka;
hata sisi tulifanya hivyo, ila sisi tulikuwa na matairi.
Na huyu aliyelichonga hili
alitumia mkono wa kushoto.

Nikacheka.
Akanikamata kiganja, akakilaza juu ya kovu la jiwe:
kweli, pigo lilitokea upande usiozoeleka,
likaingia mshazari,
na mtu nisiyemjua jina wala karne
ghafla akawa na bega.

"Haya ya mviringo si ya kilimani.
Haya yamelambwa na maji. Yalipanda huku migongoni mwa watu."
Akatazama ziwa, akatazama mteremko,
midomo ikihesabu bila sauti.
"Walilipwa nini?"
Daftarini sikuwa na safu ya swali hilo.

Upande wa mawio, duara lina pengo.
Mawe manne, labda matano, hayapo;
mashimo yao yameota nyasi fupi.
Hapo Mama alisimama kitambo, asigonge kitu.
Kisha kwa Kisukuma, kwa sauti ya jikoni,
akaniambia habari za mwaka ule wa kujenga madarasa:
lori lilimwaga mawe ya ajabu,
laini mgongoni, magumu moyoni,
yakamvunjia mipini miwili ndani ya wiki moja.
Dereva alisema anatoka Misungwi.
Hakuna aliyeuliza zaidi. Bei ilikuwa nzuri.

Nililisomea darasa lile. Dawati la tatu, dirishani.
Ndimo nilimofundishwa kuandika neno "kale"
kwa chaki, ubaoni, mbele ya wenzangu,
miguu yangu peku juu ya sakafu.

"Huna hakika," nikamwambia.
"Sina," akasema,
akaketi palepale penye pengo,
akanyoosha goti, akaomba maji.

Masanyiwa akaja na kitabu cha wageni na stakabadhi.
Elfu mbili kwa kichwa.
Mama akabishana naye akiwa amekaa, mpaka ikawa elfu tatu kwa wote wawili,
na kwenye mstari wa "Kazi"
akaniamuru niandike: fundi mawe.

Tulishuka wakati kivuli cha kilima kimeshafika barabarani.
Alinitangulia, akishikilia vichaka.
Katikati ya mteremko akasimama, akaningoja nimpite,
kisha akanigonga mgongoni, kati ya mabega,
kwa kifundo kilekile,
akatega sikio.